Nilipobaki na Lenzi ya 35

Vijana wanaoanza kazi ya picha huniuliza swali moja: "Kaka, ninunue lenzi gani?" Wengine hunitumia orodha kabisa, pamoja na bei walizopewa Kariakoo, wakitaka niwachagulie. Jibu langu ni refu kuliko wanavyotaka, kwa hiyo mara nyingi huishia nusu. Hapa nitalisema lote.

Tulikuwa wawili kwenye ofisi ndogo Sinza. Tulipiga harusi, send-off, kipaimara, mahafali, na picha za pasipoti siku ambazo hakukuwa na kingine. Vyombo tulivinunua pamoja, kidogo kidogo, kila faida ikigeuka kuwa lenzi. Mwenzangu alipoamua kurudi Mwanza kuanza kivyake, tukagawana. Tuligawana kwa amani, chai ikiwa mezani. Yeye alichukua lenzi mbili kubwa za kuvuta na kusukuma, ile ya milimita 24–70 na ile ndefu ya 70–200, kwa sababu alikuwa anakwenda kuanza bila jina na alipaswa kuwa tayari kwa kazi yoyote itakayomjia. Mimi nilibaki na wateja, kodi ya ofisi, flashi moja, kamera ya Nikon D750 iliyoanza kubanduka mpira wa mkononi, na lenzi ya milimita 35 isiyovuta wala kusukuma. Hiyo 35 tulikuwa tunaikumbuka ukumbi ukiwa na giza la kupindukia. Siku nyingine zote ilikaa chini kabisa ya mkoba.

Mpango wangu ulikuwa wa kawaida: nipige kazi kadhaa, nikusanye hela, nitafute 24–70 nyingine ya mtumba. Hela zilikuja, lenzi sikuinunua. Wanaosifu lenzi moja huongelea sana wepesi wa mkoba, na ni kweli: 70–200 peke yake ina karibu kilo moja na nusu, 35 ina gramu mia tatu na ushee, na bega hulijua hilo kabla hujafika kituo cha daladala. Lakini bega kupona hakumfanyi mtu apige picha nzuri. Kilichonibadilisha mimi ni kwamba nililazimika kusalimia watu.

Nieleze. Soko la samaki la Feri, pale Kivukoni, ni mahali ambapo wapiga picha wengi wa Dar es Salaam huenda kujinoa alfajiri. Boti zinaingia, samaki wanamwagwa, madalali wananadi kwa sauti, na upande wa pili wakaangaji wamewasha majiko, makarai yanatoa moshi unaoshika jua la asubuhi. Nikiwa na 70–200 nilisimama pembeni, mita kumi na tano huko, nikachagua uso mmoja katikati ya umati na kuuvuta karibu. Aliyepigwa hana habari. Picha zilitoka safi, nyuma imeyeyuka yote, na watu wakazisifu.

Nilipokwenda na 35 na kusimama pale pale nilipozoea, soko zima liliingia kwenye fremu na hakuna mtu aliyezidi ukubwa wa kidole. Ilibidi nisogee. Sasa ukisogea mpaka mita moja na nusu kutoka kwa mtu anayefanya kazi yake, kisu mkononi, huwezi kunyamaza. Kwa utaratibu wetu umeshaingia kwake. Lazima ubishe hodi.

Wa kwanza niliyemkaribia alikuwa mzee mmoja anayeparua samaki za wateja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua au kupiga picha?"

"Kupiga picha, mzee wangu. Naomba ruhusa yako."

"Wenzio hawaombagi. Wanasimama kule kwenye nguzo." Akanyoosha kisu kuielekea nguzo ile ile niliyokuwa naiegemea miaka yote. "Tunawaona. Mnadhani hatuwaoni."

Akaniambia nisubiri amalize mzigo wa mteja. Nikasubiri, na kumbe hapo ndipo kazi ilipoanzia, kwa sababu anayesubiri huangalia. Niliona magamba yamemganda mpaka viwikoni na yanawaka kila anapogeukia upande wa bahari. Niliona kwamba akimaliza samaki mmoja humpiga mara moja kwa bapa la kisu kabla ya kumtupa kwenye beseni, na wakati wa pigo hilo hufumba macho ili maji yasimrukie. Nikajua picha iko kwenye lile pigo. Kwa 70–200 ningekuwa nimeshapiga uso wake na kuondoka, na macho yake yangekuwa yamefumbuliwa vizuri kabisa.

Si wote wanaokubali. Waliosema hapana niliwashukuru nikapita, na nimegundua kwamba hapana ya mtu uliyemsalimia haina uchungu wowote. Kuna mama mmoja mkaangaji aliyeniuliza nitamlipa shilingi ngapi. Nikamwambia sina malipo, ila nitamletea picha yake ya karatasi. "Ndivyo mnavyosemaga wote," akasema, lakini akaniacha nipige. Nikasafisha picha ya saizi ya postikadi, nikampelekea. Aliiangalia muda mrefu, akaifuta mafuta ya kidole chake kwa ncha ya kanga, akaiweka kwenye kopo la chenji. Baada ya hapo kila nilipofika upande wa makarai nilisikia, "Na mimi je? Mimi sina sura?" Kazi ya kutafuta ruhusa ikageuka kazi ya kukwepa wateja wasiolipa.

Ukaribu huo ulibadilisha pia kile ninachokitafuta kwenye picha. Lenzi ndefu ilinizoesha nyuso. Kwa 35 uso huwa mdogo, na mwili mzima unaingia: mikono, mgongo, nafasi iliyopo kati ya mtu na mwenzake. Inabidi mwili ndio uongee. Ipo picha moja ya Martin Munkácsi, Mhungaria, iliyopigwa karibu mwaka 1930 na kujulikana kama ya wavulana watatu katika Ziwa Tanganyika. Wavulana wanakimbilia majini, wamegeuza migongo, ni vivuli vyeusi tu mbele ya povu la wimbi. Hakuna uso hata mmoja na furaha imejaa. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyefanya sehemu kubwa kabisa ya kazi yake kwa Leica na lenzi ya milimita 50, alisimulia kwamba picha hiyo ndiyo iliyomwonyesha kamera inaweza nini. Nilikuwa nimeiona zamani nikaipita, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanatafuta nyuso.

Jambo la pili lilikuwa hesabu, na hili nalipenda kwa sababu linapimika. Kihisi cha D750, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kina upana wa milimita 36, na lenzi yangu ni ya 35. Maana yake, ukiishika kamera kwa ulalo, upana wa unachokiona unakaribiana sana na umbali uliosimama. Mita mbili kutoka kwa mtu, unapata mita mbili za upana. Mita tano, unapata mita tano. Sikuliamini hilo kwa karatasi, nikatundika kanga ya mke wangu ukutani, sebuleni. Kanga ina urefu wa karibu mita moja na nusu. Nikarudi nyuma kidogo kidogo mpaka mapindo mawili ya pembeni yakagusa kingo za fremu, nikaweka alama sakafuni kwa chaki na kupima: mita moja na nusu. Mke wangu alinikuta nimepiga magoti nachora sakafu yake, na jina la kanga nililokuwa nimelitundika mbele ya wageni halikuwa la kutundikwa mbele ya wageni. Hilo nalo tulilimaliza.

Kuanzia hapo nilianza kupima kila kitu kwa macho. Mtu mzima aliyesimama, kamera ikiwa wima, anataka kama mita mbili ili apate hewa juu ya kichwa na chini ya miguu. Uso na kifua, mita moja na robo. Watu wanne waliokaa meza kuu, mita tatu. Baada ya muda nilikuwa natembea Kariakoo kamera ikining'inia kiunoni, nikiwa tayari najua ni nini kitaingia kwenye fremu nikiinyanyua kutoka hapa, na nini kitaingia nikipiga hatua moja. Ni kama fundi cherehani anayekuangalia mlangoni na kujua kiuno chako kabla hajashika futi. Kwa lenzi ya kuvuta sikuwahi kuupata ujuzi huo, kwa sababu kwa kila umbali ina majibu mengi, na jicho halina sababu ya kukariri hata moja. Nilikuwa nanyanyua kamera kwanza, kisha navuta na kusukuma nikitafuta picha ndani yake. Wakati natafuta, mtu ameshaona kamera na ameshakaza uso.

Lenzi hii ina tabia zake na usipozijua itakuaibisha. Ukimkaribia mtu chini ya mita moja, pua inatangulia na masikio yanakimbilia nyuma. Bibi harusi hatakusamehe. Kwa hiyo picha ya uso mtupu niliisahau kwa muda, nikajifunza kumpiga mtu pamoja na mahali alipo. Hapo tatizo la pili likajitokeza: nyuma. Lenzi ndefu huyeyusha kila kilichoko nyuma ya mtu, hata kama ni dampo. Kwa 35, hata ukifungua tundu lote mpaka f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ukiwa mita mbili nyuma bado inasomeka. Tangi la maji, waya za umeme, bango la mganga, mtoto anayechungulia na vidole puani, wote wamo. Mwanzoni nilichukia. Halafu nikaanza kuona kwamba nusu hatua kushoto huificha nguzo nyuma ya bega, kwamba ukishuka magoti kichwa cha mtu hupanda juu ya paa na waya, nyuma yake ikabaki anga, na kwamba yule mtoto mwenye vidole puani mara nyingine ndiye picha yenyewe. Siku hizi naangalia nyuma kwanza, mtu baadaye. Nachagua ukuta, nasubiri mtu afike.

Kwa kuwa kupungukiwa kulikuwa kunanifaa, nikajiongezea. Nilikuwa na kadi ya zamani ya GB 1, ya enzi za kamera ndogo za mfukoni. Faili ghafi za D750 zinakaribia megabaiti 28 kila moja, kwa hiyo kadi hiyo inabeba picha thelathini na kitu, sawa na rola ya filamu ya 36. Asubuhi za matembezi yangu mwenyewe nilibeba hiyo tu. Sheria ilikuwa moja: kufuta marufuku mpaka nifike nyumbani. Nilijua habari za Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948 na kupiga watu wa mji ule kwa kamera kubwa ya sentimita 13 kwa 18. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mteja kwa kawaida alipigwa picha moja tu. Moja. Nyuma ya wateja wake wa mwanzo alitundika shuka la kitanda chake mwenyewe, mwanga ukawa wa jua la uani, na kila kitu kikapangwa kabla ya kubonyeza: kidole cha mkono, pembe ya kichwa, saa iliyoazimwa ionekane. Ukiziangalia picha zile huoni umaskini wa vyombo, unaona mtu aliyeangaliwa sawasawa.

Nilijaribu kujipa picha moja kwa mtu na nikashindwa, watu hupepesa. Mbili au tatu ndizo zinanitosha. Lakini hata tatu zimenifundisha kuwaambia watu la kufanya, kitu ambacho nilikuwa nakikwepa. Zamani nilipiga mfululizo nikitumaini moja itatoka. Sasa nasema, "Dada, geukia dirishani, shusha kidevu, mkono huo uweke kwenye mkoba, basi, hapo hapo." Wateja wanalipenda hilo. Mtu asiyejua aweke wapi mikono yake anateseka mbele ya kamera, na ukimpa mikono kazi umemwokoa.

Mwanga ungehitaji makala yake, nitasema la Dar tu. Mji huu uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita sawasawa juu ya utosi, na miezi mingine mingi haliko mbali na hapo. Saa sita mchana nyusi huweka kivuli machoni na macho hugeuka mashimo meusi. Jua jekundu la jioni, lile linalosifiwa sana na wapiga picha wa Ulaya, kwetu halikawii, linazama wima na mara giza limeingia. Nilipokuwa na vyombo vingi jibu langu lilikuwa flashi na miavuli. Nilipopunguza nikagundua baraza. Nyumba ya uswahilini yenye baraza ni studio iliyokwisha jengwa: paa linakata jua la juu, mchanga mweupe wa mbele ya nyumba unarudisha mwanga kwa chini, na mwanga huo wa chini unaingia moja kwa moja kwenye macho ya mtu aliyekaa. Ukuta wa nyuma ukiwa wa chokaa ya kijani au buluu, umepata na pazia. Mita mbili zinatosha, na 35 inapenda mita mbili. Nimepiga pale picha za wazee ambazo sijawahi kuzikaribia studio, na hakuna nilichobeba zaidi ya kamera. Ni lazima ukae kwanza, unywe kahawa, usikilize habari za mpira; hilo ni sehemu ya gharama.

Kamera yenyewe, kwa njia, haijui ngozi zetu. Kipima mwanga chake hukisia kwamba kila kilichoko mbele yake, ukikikoroga pamoja, ni kijivu cha wastani. Bibi harusi mwenye shela jeupe akijaza fremu, kamera inajipunguzia mwanga, shela linageuka kijivu na uso unazama. Bwana harusi wa suti nyeusi, kinyume chake. Nilikuwa nalijua hilo kwa nadharia na kulirekebisha baadaye kwenye kompyuta, usiku. Kwa lenzi moja na matembezi ya kila siku nikaacha kipima kinipangie: naangalia shavu liko kwenye mwanga gani, naweka namba kwa mkono, naziacha hapo mpaka mtu ahame kivuli. Usiku wangu wa kompyuta umepungua sana.

Harusi sasa, maana ndizo zinazolipa kodi. Niliogopa kanisani. Ukiwa na 35 huwezi kubaki nyuma ya mabenchi, na kila padre ana mpaka wake ambao mpiga picha hauvuki. Ilibidi nianze kwenda parokiani mapema, wakati wa mazoezi, niombe niambiwe nisimame wapi. Padre mmoja aliniuliza, "Leo hukuja na bunduki yako?" Nikamweleza, akacheka, akanipa nafasi kando ya kwaya, hatua chache kutoka walipopiga magoti maarusi, kwa sharti nisitembee wakati wa mageuzo. Ni nafasi ambayo miaka yote sikuwahi kuipata, kwa sababu sikuwahi kuiomba. Kwenye nikaha ni rahisi zaidi: watu wamekaa mkekani, kadhi au shehe hapa, walii pale, bwana harusi katikati, wote ndani ya mita mbili na nusu. 35 ilitengenezwa kwa ajili ya mkeka ule. Upande wa kina mama siendi, yupo dada ninayemwita, naye ana vyombo vyake na maoni yake kuhusu mimi na lenzi yangu.

Ukumbini nimebaki na flashi, nisijifanye mtakatifu. Taa za zambarau za majukwaa ya siku hizi humfanya kila mtu awe na uso wa bilinganya bila mwanga wa kuzishinda. Ila hata bila flashi, tundu la f/1.8 linaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, ambayo ndiyo lenzi ya kawaida inayokuja na kamera huishia ikivutwa, kwa hiyo wakati wa kukata keki, taa zikizimwa na mishumaa ikiwaka, mimi bado nafanya kazi. Picha ninazokabidhi zimepungua kwa idadi. Kamati moja ililalamika, wakahesabu albamu ya ndugu yao mwingine na yangu. Lakini mama wa bwana harusi huyo huyo ndiye aliyekuja ofisini kukuza picha, na aliyoichagua ni ya dada zake wanne wamejibana kwenye korido ya nyuma ya jukwaa, wamevua viatu, mmoja anamfunga mwenzake kilemba. Picha hiyo haichukuliwi kutoka mbali, kwa sababu korido yenyewe haina mbali.

Na yapo yaliyonipita. Nilialikwa kupiga mechi uwanja wa Mkapa, nikakataa. Wachezaji wangetoka kama punje za mchele. Nilikwenda Mikumi na familia, na barabara kuu ya Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, kwa hiyo tembo tuliwaona hata kabla ya lango. Kwa 35 tembo ni doa la kijivu. Nikapiga tambarare, milima ya nyuma, lori la mizigo limepunguza mwendo na madoa matatu ya kijivu yanavuka, na naipenda picha hiyo, ila mwanangu alitaka tembo mkubwa na akampata kwenye simu ya mjomba wake. Mwenzangu wa Mwanza anapiga mashindano ya mitumbwi ziwani kwa ile 70–200 tuliyogawana, na kazi yake ni nzuri kuliko tulivyokuwa tukifanya pamoja. Kila mara nikimsifia lenzi moja kwa simu ananijibu, "Njoo upige mtumbwi na hiyo 35 yako, utaogelea." Amesema kweli. Ninayoyasema hapa ni ya mtu anayepiga watu, karibu, nchi kavu.

Baadaye nilinunua 85 kwa ajili ya picha za uso za wateja wa maofisini. Inakaa kabatini, inatoka na risiti. Matembezi yangu bado ni ya 35.

Anayetaka kujaribu hahitaji kununua chochote, na ningeomba asinunue. Ile 50 ya bei nafuu ambayo kila mtu hushauriwa ni lenzi nzuri, lakini ukiiweka kwenye kamera yenye kihisi kidogo inaona kama 75 au 80, na hiyo ndani ya chumba cha Kariakoo itakubana mgongo ukutani, nje itakurudisha kule kwenye nguzo. Chukua lenzi uliyopewa na kamera, ile 18–55, iweke kwenye 24, na kwa kihisi kidogo utakuwa na kitu kinachoona sawa na 35 yangu. Mwenye simu atumie lenzi kuu peke yake, ambayo kwa simu nyingi huona kwa upana kama wa 24 hadi 26, asiguse ile alama ya kukuza, asogee kwa miguu. Kisha tundika kanga, upime. Ukiwa na kamera, gundisha pete ya kuvutia isizunguke, maana mkono una mazoea na utaivuta bila kukuuliza. Tumia tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi. Ile nyeusi ya umeme, kwa joto la Dar, inayeyusha gundi kwenye pete, na mafuta ya taa hayaitoi yote.